UZI: Kisiwa cha Mafia kwa mfuko wa Mtanzania – raha zake, karaha zake, na mambo ya kujua kabla hujapanda boti

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila likizo ikikaribia watu wanauliza humu waende wapi na familia, na majibu ni Zanzibar, Zanzibar, Zanzibar. Sina ugomvi na Unguja. Ila leo tuizungumze Mafia, kisiwa ambacho kiko mkoa wa Pwani, mkoa uleule wa Kibaha na Bagamoyo, na Watanzania wengi hawajawahi hata kufikiria kukanyaga. Nitaeleza mazuri na mabaya bila kuficha, kwa sababu nimeona watu wanarudi kutoka kule wamenuna kwa mambo ambayo wangeyajua mapema yasingewasumbua.

Naanza na jambo moja ambalo ukilishika, mengine utayamudu: Mafia si safari ya wikiendi. Kama una Jumamosi na Jumapili tu, nenda Bagamoyo ukale kamba urudi zako. Mafia inataka siku za akiba, moja ya kwenda na moja ya kurudi, maana kule ratiba hupangi wewe wala mwenye hoteli. Inapangwa na maji na upepo. Karibu kila karaha niliyoishuhudia kule ilimpata mtu aliyepanga safari kwa saa yake ya mkononi bila kuuliza bahari inasemaje.

Kufika

Njia ni mbili. Ya kwanza ni ndege ndogo kutoka Dar, takriban nusu saa angani. Mizigo inapimwa kwelikweli, kwa hiyo acha yale masanduku magumu nyumbani, beba begi la kitambaa. Viti vichache, na siku za sikukuu vinaisha mapema.

Ya pili ni ya wengi wetu: Nyamisati. Unapanda gari Mbagala, unapita Mkuranga na Kimanzichana hadi Bungu, hapo unaacha barabara kuu ya kusini na kukata kushoto kuelekea baharini. Nyamisati ni bandari ndogo kwenye kingo za delta ya Rufiji, kwenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote Afrika Mashariki. Kuna kivuko cha serikali, MV Kilindoni, na kuna boti za watu binafsi, zikiwemo za mbao.

Sasa sikiliza hapa. Mlango ule wa mto ni wa maji madogo. Maji yakipwa, chombo hakipiti. Na maji hayajai saa ileile kila siku: kila siku yanasogea mbele karibu dakika hamsini. Ndiyo maana ukimuuliza mtu wa Nyamisati boti inaondoka saa ngapi, anakuuliza kwanza wewe unasafiri siku gani. Wageni wengi wanadhani wanazungushwa. Hawazungushwi.

Kungoja pale kuna raha yake kama hukuja na haraka. Mzigo wa kisiwa kizima unapita machoni pako: mabati, magodoro, trei za mayai, kreti za soda, mbao, pikipiki mpya bado ina makaratasi. Mama lishe wanakaanga samaki, unapewa na ugali wa moto na pilipili ya kupondwa na ndimu. Nilikaa na mzee mmoja aliyekuwa anapeleka dirisha la alumini, amelifunga blanketi, hataki mtu aliguse. Akaniambia kwake dirisha limeanza kuhesabiwa gharama pale Kariakoo, likapanda gari, likashuka, likapanda boti, litashuka tena, na hadi likifika ukutani bei imekuwa nyingine kabisa.

Kwa wapenda historia: ndani ya hiyo mikoko ndimo ilimojificha meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza wakaiteka Mafia Januari 1915, wakarusha ndege kutoka kisiwani ili waione mizinga yao inaangukia wapi, na meli ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915. Ukiwa kwenye boti unauona ule mdomo wa mto na unaelewa kwa nini iliwachukua miezi yote ile kuifikia.

Upepo

Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba ni kusi. Bahari inachafuka, boti inapanda na kushuka, wenye matumbo mepesi wanateseka. Kaskazi ni kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na hapo katikati, Oktoba na Novemba, bahari hutulia ikawa nzuri kuliko wakati wote. Masika ya Aprili na Mei hoteli kadhaa hufunga kabisa.

Niliwahi kukwama Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, kwa sababu ya kusi. Chombo kilikuwepo, abiria tulikuwepo, tiketi tulikuwa nazo, nahodha akatazama nje akasema leo hatutoki. Watu wakafoka. Dada mmoja alikuwa na usaili wa kazi Dar kesho yake asubuhi, akalia mbele yetu wote. Iliniuma sana, lakini nasema wazi: yule nahodha alifanya kazi yake, na ningependa manahodha wote wa nchi hii wawe kama yeye. Tumeshazika watu wengi mno baharini. Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander ikielekea Pemba, Julai 2012 ikafuata MV Skagit karibu na Chumbe. Boti ikikataa kutoka kwa sababu ya bahari, shukuru Mungu ukatafute gesti.

Na ukiona boti ya mbao imejaa, jaketi okozi hazitoshi, usipande. Hata kama wenyeji wanapanda. Hata kama umeshalipa.

Naendelea chini, nisije nikapoteza nilichoandika.

#2 – Mleta uzi (inaendelea)

Papa potwe

Hii ndiyo sababu watu wanatoka mabara mengine kuja Mafia, na sisi tuko jirani hatujui. Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na hana habari na mtu. Anakula uduvi, mayai ya samaki na vijidudu vya baharini. Anafungua domo, anachuja maji, basi. Mto Rufiji unashusha rutuba, maji ya kati ya delta na kisiwa yanajaa chakula, na potwe wanakuja kula karibu kabisa na Kilindoni. Msimu ni kuanzia Oktoba hadi Machi hivi. Wengi wanaoonekana pale ni madume machanga, ambayo hata hivyo yanaweza kuwa marefu kuliko boti uliyokuja nayo.

Boti inatoka asubuhi, mtu anasimama mbele anatafuta kivuli majini au pezi. Wavuvi wa dagaa wanasaidia sana, maana penye dagaa na uduvi ndipo alipo. Unaambiwa "ruka!", unaruka na miwani na mrija mdomoni. Kwanza huoni kitu, maji yana ukungu wa chakula. Halafu giza linasogea kutoka chini, giza linapata madoa meupe, na madoa yanapita mbele yako, yanapita, hayaishi. Mbele ya mdomo wake kuna vikolekole vidogo vya manjano vinaogelea kana kwamba ndivyo vinavyomwongoza njia. Tumboni amegandwa na chazo. Mkia unapita mwishowe, polepole, na unagundua ulikuwa umeacha kupumua. Mimi nilipotoka majini sikuweza kuongea kwa muda, na mwenzangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Hiyo ndiyo raha. Karaha nayo ipo palepale. Siku hiyo hiyo, boti nyingine zilifika, injini zinanguruma, kila moja inataka kumkatia samaki njia ili wageni wake waruke mbele yake. Potwe akazama, ikawa basi. Potwe niliyemwona alikuwa na kovu refu juu ya mgongo, mistari sambamba, na hilo halikutokana na jino la samaki mwingine. Eneo hilo la Kilindoni liko nje ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari, kwa hiyo mengi yanabaki kwenye dhamira ya nahodha. Wewe mwenye hela ndiye mwenye sauti. Kabla hujalipa, sema: injini izimwe tukimkaribia, hatumgusi, tunakaa mita tatu au nne pembeni, hatukai mbele yake, hakuna flashi. Nahodha mzuri atafurahi. Akikucheka, tafuta mwingine.

Jambo jingine: unaweza kutoka na usimwone. Ni samaki wa porini, hafugwi. Ndiyo maana nasisitiza siku za akiba.

Utende, Chole, Juani

Kutoka Kilindoni hadi Utende, kijiji zilipo hoteli za ufukweni, ni lami, si mbali, bajaji na bodaboda zipo. Njiani kuna geti la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, iliyoanzishwa 1995, kilometa za mraba 822. Unalipa kiingilio. Mtanzania kiwango chake ni kidogo kuliko cha mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa. Ukikisahau utaanza kubishana na mtu anayefanya kazi yake.

Utende unavuka kwenda Chole. Kisiwa kidogo, njia za mchanga, mikungu, magofu ya Wajerumani ambayo mizizi imeyakumbatia mpaka hujui ukuta unaishia wapi na mti unaanzia wapi. Kuna miti imejaa popo wakubwa wa matunda, mchana kutwa wananing'inia na kugombana.

Halafu kisiwa cha Juani, yaliko magofu ya Kua. Huu ulikuwa mji hasa, wenye misikiti na jumba la utawala, hadi Wasakalava kutoka Madagaska walipouvamia mwanzoni mwa karne ya 19. Wenyeji wana hadithi nzito ya watu wa Kua na watu wa Kisimani, mji mwingine wa kale wa Mafia: kwamba Kisimani waliwaalika watoto wa Kua kwenye sherehe ya kushusha jahazi, wakawalaza ufukweni na kulipitisha jahazi juu yao, na Kua wakasubiri, wakawaalika harusini, wakawafungia ndani ya chumba cha chini na kujenga ukuta. Mwambie muongoza watalii akusimulie mkiwa mmesimama pale pale. Msiende Kua bila mwenyeji. Bila masimulizi utaona mawe tu.

Na hapo ndipo maji yalipotufundisha adabu. Ilikuwa siku za bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Tulivyokuwa tunarudi, kundi jingine tuliloshirikiana nalo boti lilikuwa bado linapiga picha. Nahodha aliita, akaita tena. Tulipoondoka, bahari ilikuwa imeshaondoka kabla yetu. Mashua ikakaa mchangani, imelala ubavu, na kutoka pale ilipokwama unaiona Utende kabisa. Hakuna wa kumlaumu wala wa kumpigia simu. Tukakaa hadi maji yalipoturudia usiku, na mbu wa mikoko walitupata vizuri. Mabaharia walichemsha chai kwa kifuu na makumbi ya nazi, wakakata mihogo. Walikuwa wametulia kabisa.

Karaha nyingine kwa kifupi

Umeme unatoka kwenye majenereta, unaweza kukatika. Benki iko Kilindoni. Ukishavuka kwenda visiwani hakuna, tembea na hela taslimu. Barabara ya kaskazini kuelekea Ras Mkumbi, kwenye mnara wa taa wa tangu enzi za Wajerumani, ni ya mchanga na mashimo, mgongo utakuuma, ila kwenye fukwe za huko hukuti mtu.

Na hili la mwisho limenikera kuliko mbu. Kuna hoteli moja ya Utende niliingia kuuliza bei ya chakula cha mchana. Mhudumu akaniuliza nimemleta nani. Yaani mimi mweusi lazima niwe dereva wa mtu. Nikasema nimejileta. Akanipa bei kwa dola. Wakuu, tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Dai bei ya shilingi, kwa upole, bila kelele, lakini dai. Tukizoea kuondoka kimya, hoteli zetu zitaendelea kutuona sisi ni wapita njia.

Maswali karibuni.

#3 – Mdau wa Morogoro

Mkuu umeandika vizuri ila umekwepa gharama. Mtu mwenye mshahara wa kawaida anaweza?

#4 – Mleta uzi

Anaweza, ila si kwa kulala Utende ufukweni. Lala Kilindoni kwenye gesti za kawaida, kula sokoni: supu ya pweza asubuhi, chapati, wali wa nazi na samaki mchana. Ile nazi ya Mafia ni nyingine, kisiwa kimejaa minazi tangu mashamba ya zamani. Kinachokula hela ni boti ya potwe, na boti inalipiwa nzima. Jikusanyeni watu sita au wanane mgawane. Siweki bei hapa kwa sababu zinabadilika na mtu atakuja kunishtaki humu. Uliza gesti, uliza kwa watu wawili watatu, utaijua bei ya haki siku hiyohiyo.

#5 – Mzaliwa wa Kilindoni

Nimesoma mwanzo hadi mwisho, ahsante kwa kutusemea. Lakini niruhusu niseme jambo. Mgeni akikwama siku moja anaiita karaha ya safari. Sisi hayo ndiyo maisha. Mama yangu mdogo alipewa rufaa ya kwenda Muhimbili wakati wa kusi. Tulikaa gatini na mgonjwa tukitazama bahari. Alivuka, alipona, namshukuru Mungu, lakini ile siku siisahau. Mwanafunzi akichelewa boti anakosa kufungua shule. Saruji, unga, dawa, vyote vinapita Nyamisati. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, kabla gati halijajengwa watu walishuka majini wakibeba watoto na mizigo kichwani.

Kwa hiyo mkija, njooni kwa wingi. Abiria wakiwa wengi vyombo vinaongezeka. Na mkilala gesti zetu na kula kwa mama zetu, hela inabaki hapa hapa Kilindoni.

#6 – Mleta uzi

Ndugu yangu, hili ulilosema lina uzito kuliko uzi wangu wote. Pole kwa mama mdogo, na nashukuru alivuka salama. Wakuu msomeni #5 kabla hamjafunga begi.

#7 – Mdau wa Mombasa

Huku kwetu Kenya, Lamu hali ni hiyohiyo, ukifika Mokowe, gati la upande wa bara, lazima ungoje boti. Watalii wa bara wanalalamika hakuna magari kisiwani, na wengine wanapenda kwa sababu hiyohiyo. Swali: nina watoto, mmoja miaka tisa na hajui kuogelea. Potwe atamwona?

#8 – Mleta uzi

Karibu jirani. Atamwona, tena vizuri, kutoka kwenye boti. Potwe akiwa anakula hukaa juujuu, mgongo na pezi vinatoka nje ya maji. Mvalishe jaketi okozi linalomtosha, si la mtu mzima. Uliza hilo siku moja kabla, kwa sababu saizi za watoto ni chache. Usikubali akaambiwa "ruka tu, tutamshika". Na mpeleke Chole kwa popo, watoto wanapapenda kuliko wanavyopenda bahari.

#9 – Mdau mzamiaji

Naongezea kwa wanaozamia na mitungi. Wakati wa kusi Ghuba ya Chole ndiyo kimbilio, iko ndani, imekingwa na visiwa. Nje, kwenye mlango wa Kinasi, mkondo ni mkali maji yakijaa na kupwa, usizame bila mtu anayeijua saa yake. Mwezi Oktoba na Novemba maji ni meupe sana. Nimezamia Mnemba na Pemba pia, na matumbawe ya Mafia nayaweka mahali pa heshima. Nawaomba wanaoanza: usisimame juu ya tumbawe kupumzika. Hilo lililo chini ya mguu wako lina uhai, na limechukua miaka kukua.

#10 – Mdau wa Dodoma

Mimi likizo yangu ni Juni tu. Nisiende?

#11 – Mleta uzi

Nenda, ila potwe msahau, badala yake utafute kasa. Kasa wa kijani wanataga Juani, mayai yanakaa mchangani karibu miezi miwili, na Juni na Julai vitoto vingi vinatoka. Kuna vijana wa vijijini wanaolinda viota pamoja na shirika la Sea Sense, wanaandika tarehe ya kila kiota, kwa hiyo wanajua kipi kinakaribia. Unatoa mchango, sehemu inaenda kijijini. Zamani mayai yale yalichimbwa yakaliwa, leo anayeyachimba anajua jirani yake atamsema.

Inabidi uvuke kwenda Juani na kutembea hadi upande wa bahari kuu. Vaa viatu vya kufunga, beba maji ya kutosha na koti la mvua. Vitoto vinatoka mmoja mmoja kwanza, halafu mchanga unabonyea na vinamwagika. Usivibebe kuvipeleka majini, vinahitaji kutambaa vyenyewe. Simama nyuma, usiwe kati yao na bahari.

Kwa Juni chukua dawa ya kichefuchefu ya boti, kusi linakuwa limeshaanza. Na weka siku mbili za akiba, siyo moja.

#12 – Mdau wa Dodoma

Nimeelewa. Namba ya bandari Nyamisati napata wapi?

#13 – Mzaliwa wa Kilindoni

Siweki namba za watu humu. Fika Mbagala Rangi Tatu siku moja kabla, kwenye magari ya Nyamisati. Makondakta wale wanajua boti ya kesho inatoka na maji ya saa ngapi, maana na wao abiria wao ndio hao hao. Lala Mbagala, ondoka na gari watakalokwambia, usipande la baada yake.